Kiti cha Pili ni cha Nani?

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa zile wiki ambazo sikuandika. Magoti yanasemaje? Najua mvua zikikaribia yanaanza kulalamika kabla mawingu hayajaonekana, na wewe unayakanda kwa maji moto bila kumwambia mtu. Sisi huku ni wazima. Joto linatupika kama mihogo, watoto wana mafua, baba yao anakoroma kama kawaida, na kazi yangu pale ofisini bandarini ni ileile, makaratasi ya magari ya watu asubuhi mpaka jioni.

Kabla sijaendelea nina neno na msomaji. Kaka Gotfrid, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, maana barua zangu zote Mama husomewa na wewe. Leo soma polepole na usiruke mstari. Huyo aliyeileta ni Selemani, jirani yangu, nami nimemsomea barua hii yote mara mbili kabla hajaondoka. Mpeni kigoda akae karibu. Mama, Selemani hana ugonjwa wowote wa kifua. Ukimsikia anakohoa, ujue Kaka ameruka mahali.

Haya. Mama, unakumbuka yale tuliyokubaliana. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza mibuni ya marehemu Baba imetuletea fedha ya kueleweka. Kaka akasimama mbele ya ukoo wote akasema fedha hii isitawanyike. Itanunua gari, ili Mama afike kanisani, afike hospitali, na zaidi ya yote ashuke Lundo, kule ziwani, akamwone dada yake. Wifi Theodora aliniandikia kwamba ulipolisikia neno Lundo ulijifunika uso kwa kitenge. Mama Mkubwa hawezi tena kupanda milima, na wewe huwezi tena kuishuka. Mmebaki kutumiana salamu na usipa, dagaa wa ziwa letu, na wote wawili hamzidi kuwa vijana.

Baadaye ikanifikia barua ya Kaka. Aliandika kwamba amesikia habari za magari mawili yanayouzwa huku Dar. La kwanza ni la kizamani, la Kiingereza. La pili ni la Kijapani, la spoti, limetumika kidogo tu. “Dada, wewe uko bandarini, unayajua magari. Lolote utakalolichagua ndilo.” Maneno yake hayo. Lakini Mama, la kizamani alilieleza kwa mistari miwili, na la spoti kwa ukurasa mzima na nyuma yake. Mtu akikwambia chagua huku amekushika kiwiko anakuvuta upande mmoja, mtazame usoni. Uso sikuwa nao. Nikaitazama karatasi.

Nilianza na la kizamani. Mwenyewe ni Mzee Alfonsi wa Magomeni, mpima ardhi mstaafu. Gari lake lina umri kunishinda mimi, rangi ya maziwa yaliyoganda, milango minne, limesimama juu, na kiti cha mbele kimenyooka kama benchi la kanisani. Nilipofika akaanza kuniambia ubovu wake. Rejeta inavuja. Breki ya mkono ni ya jina tu. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguliwa na anayeujua. Nikaingiwa na shaka. Muuzaji anayeisema vibaya mali yake mwenyewe, kuna kubwa zaidi analolificha.

“Mzee, mbona unaniambia yote haya?”

“Ukiyagundua mwenyewe ukiwa Makambako na mvua inanyesha, utanilaani,” akasema. “Nikikwambia hapa, tutagombana bei tu.”

Sikuridhika. Nikarudi tena, nikarudi na mume wangu, ambaye gari halijui lakini mtu anamjua. Tukalala chini ya gari, tukaligonga bodi kwa vidole, tukamuuliza jirani. Hatukupata kitu ambacho Mzee hakukisema. Nikamuuliza basi kwa nini anauza. Akacheka. “Macho, mwanangu. Juzi nimesimama kuipisha nguzo ya umeme. Nimeisalimia kabisa.”

Nikaenda kuliona la spoti. Lilikuwa kwenye yadi ya bwana mmoja ambaye mimi nimemwita Bwana Miwani, maana miwani yake ya jua haivui hata akiwa chini ya bati. Mama, sitakudanganya, lile gari lilinipendeza. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama chura anayetaka kuruka. Alipoliwasha njiwa wote wa paa lile waliondoka. Nilijiona nimo ndani, kilemba kichwani, napita mbele ya mabosi wangu bila kuwasalimia.

“Limeshuka melini juzi, dada. Halijakanyaga vumbi la Tanzania.”

“Bei gani?”

Akapunga mkono. “Bei isikusumbue. Wewe sema tu umelipenda.”

Hapo moyo ukanilipuka. Miaka yote niliyokaa mji huu sijakutana na muuza nyanya aliyeniambia bei isinisumbue, sembuse muuza magari. Nikasema nitarudi kesho. Njiani nikawa nalipima lile gari kichwani. Kaka ana mke, ana watoto, ana Mama, ana magunia. Gari lile lina kiti cha dereva na kiti kimoja pembeni yake. Huko nyuma panatosha mkoba, labda na mtoto mmoja aliyekunjwa. Sasa kiti cha pili ni cha nani?

Kesho yake nilikwenda na Bi Hadija, jirani yangu, rika lako, na magoti yake ni ndugu wa magoti yako. Nilitaka kuona kwa macho. Kwa Mzee Alfonsi aliweka mguu mmoja, akashika mlango, akapanda, akajinyoosha vizuri kwenye lile benchi na kuuliza, “Haya, tunakwenda wapi?” Hakutaka kushuka. Kwenye yadi ya Bwana Miwani mambo yalikuwa mengine. Alianza kwa kukaa, akaendelea kushuka, akashuka tena, mpaka magoti yakafika kidevuni.

“Skola, mwanangu,” akaniambia kutoka humo ndani, “mbona mnanizika nami bado napumua?”

Tulimtoa mimi na mlinzi, mmoja kila mkono. Yeye alitoka, kanga yake ikabaki. Ilikuwa imeteleza nyuma ya kiti. Nikaingiza mkono kuivuta, vidole vikagusa mfuko. Nikautoa. Kabla sijauona, nilikuwa nimeshaunusa.

Usipa, Mama. Usipa mkavu wa ziwani kwetu. Siku hizi huku Dar wanauza dagaa wa kila ziwa na kila bahari, lakini harufu ya usipa mimi siwezi kuisahau hata nikiwa usingizini. Mfuko wenyewe ulikuwa mtupu, magamba machache tu chini. Mdomo wake, japo umefumuliwa upande mmoja, ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nyavu, wa buluu, na pembeni kimeachwa kitanzi cha kuingiza kidole. Unamjua anayeshona hivyo. Tangu tuko watoto Mama Mkubwa anatuambia mzigo usio na mkono humchosha aubebaye. Pwani yote ya Lundo hakuna mwingine anayeacha kile kitanzi.

Gari halijakanyaga vumbi la Tanzania, lakini limebeba usipa wa dada yako.

Nikakumbuka ile barua yenu ya wakati wa mavuno. Ulisema umepata usipa wa Lundo kwa mkono wa Kaka, naye amepewa na konda wa basi pale Mbinga mjini. Hebu niambie, Mama, huo usipa ulikuja na mfuko wake? Au alikumiminia kwenye ungo, mfuko hukuuona? Mimi sipo hapo, lakini nadhani sasa hivi unamtazama.

Nilirudi kwa Bwana Miwani nikiwa na tabasamu, mfuko nimeukunja ndani ya kanga. Nikamuuliza kama mtu anayejua yote, “Kwani Gotfrid alikwambia uniambie nini?”

Akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza nimeona macho yake, ni madogo. “Kumbe ameshakwambia! Na mimi najitesa bure hapa na mambo ya meli.”

Akayamwaga yote. Gari ni la Kaka. Alilinunua siku nyingi, kwa fedha hiyohiyo ya kahawa, ilipotoka tu, kutoka kwa mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama kutoka Mbamba Bay, kule ziwani. Zile wiki alizotuambia anafuatilia malipo, alikuwa huko chini analiendesha. Sasa gari lililolala chini namna ile na mawe ya barabara yetu ni paka na panya. Siku moja katika mteremko jiwe likalipasua tumbo, mafuta yote yakamwagika. Likapandishwa kwenye lori hadi Dar, likashonwa tumbo, likapakwa rangi. Likawekwa linisubiri mimi nilichague. “Alisema wewe ukilichagua,” Bwana Miwani akaniambia, “nyumbani hakuna atakayeuliza swali.”

Selemani, amesoma hapo? Haya, tuendelee.

Mama, nilikaa kwenye ngazi za yadi ile nikalia mbele za watu. Si kwa ajili ya fedha, fedha ya kahawa huja na kuondoka. Nililia kwa sababu Kaka alifika Lundo. Alikaa kwenye mkeka wa Mama Mkubwa, akapewa maji, akapewa usipa akuletee. Na Mama Mkubwa, ninavyomjua, hakuanza na salamu. Aliuliza, “Mdogo wangu yuko wapi?” Sijui Kaka alijibu nini. Gari lilikuwa nje, na kiti cha pili kilikuwamo.

Wifi Theodora, najua unasikia hapo mlangoni, nisamehe. Nani alikikalia kile kiti sijui, na sitabuni. Pengine kilikaliwa na mfuko wa usipa tu. Kiti hakina mdomo. Ninachokijua ni kwamba Mama hakukikalia.

Sasa Kaka, nakugeukia wewe. Nimekukasirikia, na sitaki kulificha hilo kwa adabu. Siku naanza sekondari ni wewe uliyebeba sanduku langu kichwani kutoka kwetu Kitura mpaka Mbinga mjini, na ulipochoka ulikataa nikupokee. Nilikuwa nawasimulia watoto wangu habari hiyo. Ndiyo maana hili limeniuma. Ungeniambia tu, “Skola, nimeponzwa na gari jekundu,” ningekucheka wiki nzima kisha nikakusaidia. Na mimi lilinipendeza, nimeshasema. Lakini ulitaka kupita kwa jina langu, ili Mama akiuliza mbona siwezi kuingia humu, jibu liwe Skola ndiye aliyechagua.

Basi nimechagua. Uliandika kwa mkono wako kwamba lolote nitakalolichagua ndilo. Karatasi hiyo nilimwekea Bwana Miwani mezani, akaisoma, akaigeuza, akavaa miwani yake tena. Hazikupita siku nyingi akapatikana kijana wa mjini asiye na barabara ya mawe wala mama wa magoti, akalichukua lile jekundu kwa furaha kubwa. Fedha hiyo nikaipeleka Magomeni. Rejeta imezibwa, breki ya mkono sasa inashika, matairi ni mapya. Mlango wa kushoto umewashinda mafundi, utaujua mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kama Mzee Alfonsi alivyosema, hakuna kilichoongezeka. Bado namshuku kidogo, lakini hayo ni mazoea yangu.

Mama, Selemani hakuja kwa basi. Gari ameliacha pale kigangoni kwa sababu nilimwomba apande kwa miguu, barua isomwe kwanza. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati lake, na nimemwambia asiuweke katika mkono wa mtu yeyote ila wako. Atakaa nanyi siku chache. Keshokutwa mnashuka Lundo, taratibu, mkipumzika kila atakaposema gari limechoka. Wewe utakaa mbele. Wifi akae mbele pamoja nawe, benchi linatosha. Kaka atakaa nyuma na watoto, upande wa ule mlango usiofunguka, apate muda wa kufikiri atamwambia nini Mama Mkubwa.

Nisalimie Baba Mdogo anayetuangalizia mashamba, mwambie ngoro zake, yale mashimo ya mahindi aliyoyachimba mlimani, nimesikia zinasifiwa mpaka huku. Msalimie katekista wetu, na mkewe aliyenifundisha kushona. Watoto wa Kaka wote nawabusu, na yule mdogo mwambieni shangazi yake amemletea viatu, viko kwenye buti. Mume wangu anakusalimu kwa heshima zote za mkwe, anasema siku mtakayopita Dar atakupisha kitanda.

Jambo la mwisho. Ule mfuko nimeufua, anao Selemani. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, wewe ndiye uliyetufundisha. Utie maharage ya Kitura, yale mekundu anayoyapenda, uushone mdomo, uache kitanzi. Usimpe konda wala usimpe Kaka. Umrudishie dada yako kwa mkono wako mwenyewe.

Kaka, sasa kunja karatasi. Mwinue Mama taratibu, goti la kulia ndilo linalomuuma zaidi, umshike mpaka kigangoni.

Mimi binti yako akupendaye,
Skolastika