Neno Viatu Usoni pa Lakshmi

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na korosho za upande wa kwa babu mmeshaokota, au bado mnategeana? Mimi mwili mzima, ila moyo umechoka.

Najua mama mdogo amekupigia kutoka Magomeni akakwambia nimetukana dini ya Wahindi na nimefukuzwa kazi. Mama mdogo nampenda, ananilaza na kunilisha, lakini habari ikipita mdomoni mwake hutoka imenenepa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungelia kabla sijafika katikati. Soma mpaka mwisho, ndipo ulie.

Tajiri wangu Hitesh, yule mwenye duka la viatu na mabegi, alinipa kazi ya kutengeneza tovuti ya duka, ili mteja wa Tunduru aone bidhaa kwenye simu bila kuja Kariakoo. Mama yake, ambaye sote dukani tunamwita Bibi, aliomba kitu kimoja tu. Picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, ikae juu, kama ilivyo juu ya mlango wa duka na shada lake la maua ya manjano. Nikaiweka. Ukingoni kabisa, juu ya kichwa chake, nikatundika menyu, ule mstari wa maneno ya kubonyeza: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Mabegi, Viatu.

Kazi yangu, mama, ni kuelekeza kila kitu kikae wapi kwenye ukurasa. Menyu ile niliielekeza ining'inie palepale hata mtu akishusha ukurasa. Kitu kinachoning'inia hivyo ni kama shuka kwenye kamba uani, likiwa refu linamgusa anayepita chini yake. Kwenye kompyuta kubwa ya dukani menyu ilikaa vizuri. Kwenye simu sikujaribu, na hapo kosa ni langu. Hitesh ndiye alifungua kwenye simu yake, akapekua, akaniambia, "Poa Zuhura, rusha." Nikairusha mtandaoni.

Asubuhi yake Bibi akaenda na simu yake hekaluni kuwaonyesha wenzake tovuti. Kwenye simu maneno hayakuenea mstari mmoja, la mwisho likashuka mstari wa pili. Neno lenyewe Viatu, na likatua usoni pa mungu wao. Mama, mtu akipanda na viatu kwenye msala wako wa kuswalia utajisikiaje? Ndivyo alivyojisikia yule mzee, mbele ya wenzake wote.

Alirudi dukani, akamwekea Hitesh simu mbele yake. Aliyefoka ni Hitesh, tena mbele ya wateja na wapagazi.

"Unataka kunimaliza wewe? Viatu, Zuhura? Usoni?"

"Nisamehe bosi, sikuona."

"Toa hiyo picha kabisa, bakiza bidhaa. Halafu kesho tutaongea mimi na wewe."

"Picha haitoki," Bibi akasema kutoka kitini kwake. "Arekebishe hapa hapa, nikimwona."

Nikakaa karibu yake, kompyuta mapajani. Nikapunguza herufi, nikajaribu kwenye simu yangu, ikawa safi. Bibi akafungua kwenye yake. Neno lilikuwa usoni vilevile, kwa sababu simu yake ameikuza maandishi kwa ajili ya macho. Hitesh akasonya. Hapo nikajua kazi sina.

Nikafuta nilichofanya, nikaanza upya. Nikaitoa menyu kwenye kamba, nikaipa nafasi yake chini ya picha, ili hata maneno yakikua yasukume bidhaa tu na yasiguse kilicho juu. Bibi akapandisha ukurasa, akashusha, akailaza simu, akaisimamisha. Uso ulibaki wazi.

"Kabla ya kurushwa, nani aliangalia?" akauliza.

Nikatazama sakafu. Ulinifundisha kusema kweli, mama, lakini kweli ile ilikuwa ya mtu anayenilipa. Hitesh mwenyewe akajibu.

"Mimi, mama. Niliangalia bei kama ziko sawa."

"Huyu binti hajui," Bibi akamwambia, wala hakupaza sauti. "Wewe nimekulea chini ya picha hii."

Wateja wakajifanya wanapima viatu.

Kwa hiyo dini ya mtu sijatukana, na kazi bado ninayo. Bibi ananiongelesha kama zamani. Lakini Hitesh hanitazami tena. Akiwa na jambo ananitumia mtu, na nikiingia anakatiza maneno. Siku aliyonifokea sikumwogopa hivi, mama. Nimemwona akiaibishwa na mzazi wake, na hilo sijui nitamfutiaje.

Msalimie kaka Yusufu, dereva wetu wa bodaboda, avae kofia. Msalimie bibi mzaa baba, na mwalimu wangu wa madrasa, mwambie dua zake nazihitaji kuliko anavyodhani.

Na ukisikia tena kwamba nimefukuzwa, mara hii amini. Ila ujue si kwa sababu ya picha.

Mwanao,
Zuhura