Jua la Asubuhi Ilomba

Kamwene, Tumaini, mjukuu wangu na mume wangu,

Hapa Ilula tu wazima. Nyanya zimekubali mwaka huu, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza: serikali imekupunguzia kodi ya jengo, je, na wewe uwapunguzie wapangaji wako kodi ya chumba?

Miaka ya sabini, mimi na babu yako tulipanga chumba Ilomba, kwa mzee mmoja Mnyakyusa. Unaijua baridi ya Mbeya. Kila asubuhi nyumba nzima tulikaa ukutani kuota jua, wapangaji na wenye nyumba pamoja. Siku moja mzee akaja amefurahi: mwaka ule wenye nyumba wamesamehewa kodi ya jengo. Tukampongeza, kisha tukasubiri aseme la chumba. Maana kila kodi hiyo ilipopanda, naye alitupandishia chumba.

Mkewe alikuwa anamenya ndizi. Akamwambia, "Baba, ikipanda ni yetu sote. Ikishuka ni yako peke yako?"

"Kwani nyumba si yangu?"

"Ni yako. Na hilo jua je? Kama nalo ni lako, waambie wasogee."

Mzee akatutazama tulivyobanana pale ukutani, akaanza kucheka mwenyewe. Mwezi ule chumba kikashuka.

Sikuamulii, mume wangu, nyumba ni yako. Ila uliwahi kuniuliza kwa nini mama yako, binti wa Kihehe, ana jina la Kinyakyusa. Yule mama aliyekuwa anamenya ndizi ndiye aliyeitwa Sekela.

Ni mimi, bibi yako.