Kulabu Mbili Nyuma ya Mlango

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za mama, ambaye amekaa hapa ubavuni kwangu na kila baada ya dakika mbili anauliza kama nimeshafika kwenye sehemu yake. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha na unalala vizuri. Sisi huku wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto anatembea mpaka kwa jirani kuchukua maneno na kurudi nayo. Dawa ya macho anatia, ila lazima nisimame nimwangalie, maana akiachwa peke yake anaimwagia shavuni halafu anasema ameshamaliza.

Barua yako niliipata. Nilicheka peke yangu uliponieleza habari za mjane unayekunja naye mashuka, anayeimba wimbo mmoja tangu asubuhi mpaka jioni na bado hajaujua ubeti wa pili. Nilifurahi kwamba umepata mwenzako huko kwenye tawi la kiwanda chetu cha kufulia. Halafu nikafika pale ulipomlaani mhasibu wetu, kwamba yeye ndiye aliyekufukuzisha kazi huku kwa mahesabu yake, nikaiweka barua chini ya mto. Imekaa hapo wiki tatu. Ndiyo maana nimechelewa kujibu, si kwa kazi nyingi kama mama alivyokuambia kwenye simu.

Utajiuliza kwa nini sikukupigia. Nakujua, dada. Ungesikia sauti yangu inatetemeka, ungeanza kunibembeleza, na ungenisamehe kabla hujajua unasamehe nini. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, na kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwanza.

Unakumbuka bosi aliporudi safari na lile sanduku la chupa. Uliziona siku ulipopeleka mataulo juu, ukarudi ukisema ofisi imegeuka duka la dawa. Kisha likaja tangazo kwamba kila Alhamisi saa kumi na moja, mashine zikishazimwa, watu wachache watapanda ofisini kuonja wiski na kuzungumza namna ya kuboresha kazi. Mhasibu aliitwa, fundi wa boila aliitwa, na kwa upande wetu wakunjaji uliitwa wewe. Ulisema huna muda wa kwenda kunusa chupa za mwanamume mzima, apelekwe Kiherehere, yeye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema. Wote mkacheka, nikapanda mimi.

Mezani palikuwa na glasi ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na wiski chini kiasi cha kulowesha pamba. Bosi alitufundisha kunusa kwanza, midomo wazi kidogo, kisha kuonja tone moja, kulizungusha kinywani na kusema tumeona ladha gani. Mhasibu kila glasi alisema anaona matunda. Fundi wa boila aliimaliza ya kwanza kwa mkupuo kama dawa ya minyoo, akaombwa asirudie. Nilipoulizwa mimi, nikasema inanuka kama shuka lililosahauliwa chini ya pasi. Nilidhani nimeshajiharibia. Bosi aliinua glasi yake kwenye mwanga, akasema huo ndio moshi wenyewe, na kwamba kuna watu wanalipia masomo ili waweze kusema hivyo. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita Pua.

Alitueleza pia kwamba mle ndani hakuna bosi wala mfanyakazi, hakuna anayeandika kitu, ni mazungumzo ya kawaida tu. Sitakudanganya, nilipenda. Si wiski, ile mpaka leo inanichoma koo. Nilipenda kuulizwa. Miaka sita nimekunja mashuka ya hospitali na ya hoteli, na hakuna aliyewahi kutaka kujua mimi naonaje jambo lolote. Alhamisi jioni nilikuwa nashuka ngazi zile nikijiona mrefu.

Sasa urudi kwenye ule mwezi ulipokuwa unampeleka mama kliniki ya macho. Bosi alikuwa na daftari la mahudhurio magotini, glasi puani. Akasema kuna mkunjaji amechelewa mara nne, na anafikiria kuachana naye. Jina hakulitaja, lakini alinitazama mimi. Wa kwanza kusema alikuwa mhasibu. Alisema mtu mwenye mgonjwa nyumbani hapimwi kwa saa ya ukutani, apewe mwezi mwingine. Ndiye huyo unayemlaani, dada. Angenyamazisha kila mtu, na mambo yangeishia hapo, lau mimi ningekuwa na adabu ya kunyamaza.

Tone la tatu lilikuwa limeshanipanda kichwani. Nikataka kumaliza kabisa, asije akalirudia suala lako Alhamisi nyingine. Nikamwambia kuchelewa kwako hakujamdhuru mtu, kwa sababu ukichelewa nakunja peke yangu, na mafungu yanatoka yale yale.

Hukuwahi kulijua hili. Nyuma ya mlango wa stoo ya sabuni nilipigilia kulabu mbili, kwa ajili yako. Asubuhi zile za kliniki nilikuwa nakwenda huko na rundo, nachomeka pembe mbili za shuka kwenye kulabu, nashika pembe mbili nyingine, narudi nyuma, navuta likanyooka, kisha nazifuata kulabu kana kwamba ni wewe umesimama pale. Ukiingia unahema unakuta nusu ya kazi imekwisha, unaniuliza nani amenisaidia, nami nakujibu kwamba niliamka mapema. Kisha tunaendelea kama siku zote, wewe kule, mimi huku, tunakutana katikati, unanipa pembe na maneno uliyoyabeba kutoka nyumbani.

Bosi aliweka glasi mezani. Mhasibu alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Asubuhi yake, kabla hujafika, bosi alishuka na saa mkononi nikamwonyesha. Mashuka kumi kwa mikono yangu na kulabu, kisha kumi kwa watu wawili. Nilikuwa nyuma kidogo tu. Nikajitahidi zaidi, dada. Alipoanza kupima mara ya pili nilikaza mwendo kana kwamba nashindana na nani sijui, na aliponisifu nilitabasamu. Wiki mbili baadaye mliitwa sita kati ya kumi na wawili, mkaambiwa kazi imepungua. Ulipokuwa unakusanya vikombe vyako nilikushika mkono nikalia, ukaniambia nisilie, si kosa langu.

Mlipoondoka, kulabu zikapigiliwa ukuta mzima. Mimi nikapewa cheo, Msimamizi wa Uboreshaji, kibao mlangoni na koti jeupe. Mama alimwambia kila jirani. Nawe ukanitumia salamu za pongezi kutoka mji uliokwenda kutafuta kazi, kwenye chumba ambacho hata kitanda chake ulikuwa hujakilipia.

Tangu hapo sina pa kupumulia. Siku moja, baina ya tone na tone, nilisema chumba cha chai kina joto. Nilikuwa naomba dirisha. Wiki iliyofuata chumba kikafungwa, kikawa stoo, na wenzangu sasa wanakunywa chai wima kwenye korido. Nikasema mtu wa zamu ya mchana anachoka sana jioni, zamu ikaanza saa moja mapema. Nikaamua kunyamaza. Bosi akawaambia wenzake kwamba Pua akinyamaza ujue anatafakari jambo kubwa, akanisubiri, na wote wakanisubiri, glasi zikiwa hewani, mpaka nikasema kitu. Nilipoomba nisamehewe Alhamisi moja kwa kuumwa tumbo, alinitumia dereva nyumbani na chupa ndogo. Fundi wa boila alininong'oneza ngazini kwamba kupanda ni rahisi, kushuka ndiyo shughuli. Wakunjaji wenzangu nikiingia wanaacha kuzungumza. Wananiamkia vizuri sana, kwa heshima zote, na hiyo ndiyo inayoniuma. Mama ananusa shati langu Alhamisi anatabasamu, anadhani nimepata mchumba mwenye uwezo.

Sasa nikufikishe kwenye lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi iliyopita bosi alimimina kutoka chupa ambayo hatujawahi kuionja, akasema tunasherehekea. Jumatatu ijayo tunakuja huko tawini kwenu, yeye na mimi. Nitawafundisha wasimamizi wenu kukunja kwa kulabu, kisha watabaki nusu ya watu. Aliniambia ameona jina lako kwenye orodha ya tawi, akacheka, akasema hakika dada yangu atafurahi kuniona. Aliniuliza naonja nini kwenye glasi ile. Nilisema asali.

Begi limeshaletwa nyumbani. Kulabu ishirini na nne na nyundo mpya. Mama amelipangusa vumbi.

Na bado sijakuambia lililo baya zaidi. Kulabu hazifai, dada. Nililijua hilo kabla hata hujapata kazi huko. Mimi nikivuta, mkono wako ulikuwa unalegea kidogo bila wewe kufikiri, nguo ikapona. Chuma hakilegei. Mashuka ya hospitali yamefuliwa mpaka yamekuwa kama karatasi, na kila siku moja au mawili yanachanika pembeni, pale pale pindo linapoishia. La kwanza lilichanika wiki ya pili baada ya nyinyi kuondoka. Bosi angeliona siku ile, kulabu zingeng'olewa na mngeitwa mrudi wote sita, kwa sababu alikuwa bado hajafuta nafasi zenu wala hajanunua lolote. Nililikunja likawa dogo nikalitia chini ya koti langu jeupe.

Nilijiambia ni moja tu. Sasa nayabeba nyumbani kwenye mfuko wa mboga, nayashona jioni na kuyarudisha asubuhi. Mama ananisifu kwa bidii, ananitungia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Yasiyoshoneka yako chini ya kitanda, mahali ulipokuwa unaweka sanduku lako. Hospitali walipolalamika kwamba hesabu haitimii, bosi aliniuliza mimi, nami nikasema wenyewe hawajui kuhesabu. Aliniamini. Sikuficha kwa kuogopa njaa, usije ukanitetea kwa hilo kama unavyonitetea kila mara. Nilificha kwa sababu kulabu zilikuwa wazo langu, la kwanza maishani mwangu kusifiwa, na sikutaka lionekane bovu. Wewe ulikuwa unatafuta kazi mlango kwa mlango, na mimi nilikuwa nalinda sifa.

Sasa fungua kifurushi. Ni shuka moja, lina muhuri wa hospitali. Pembe moja imechanika hadi kiganja kinapita, nyingine nimeishona kwa uzi wa bluu, utaijua mishono yangu, ni ile ile uliyokuwa unaicheka. Mpelekee msimamizi wako kabla ya Jumatatu, mbele ya watu, huyo mjane naye awepo. Usiseme umeliokota. Mwambie limetoka kwa mdogo wako aliyezianzisha kulabu, na kwamba mengine thelathini na nane yako chini ya kitanda chake. Nitapoteza kazi, najua, na pengine zaidi ya kazi. Mama atakula kwako kwa muda, kama utakubali.

Utasema kwa nini nisiseme mwenyewe. Nimejaribu Alhamisi nne. Napanda ngazi nikiwa nimeyapanga maneno yote, naingia, bosi ananiita Pua, ananipa glasi, wananitazama, na mdomo huu unatoa kile wanachotaka kusikia. Jumatatu atakuja na chupa zake, ameshasema baada ya mafunzo tutaonja pamoja na wakubwa wenu. Sijiamini, dada. Ndiyo maana nakutumia wewe shuka badala ya kulibeba mimi.

Usinionee huruma. Nikiingia Jumatatu nikalikuta shuka hili limetandazwa juu ya meza ya msimamizi wenu, nitasema yote, maana sitakuwa na pa kukimbilia. Nikilikosa, najijua, nitatoa nyundo.

Mama ameuliza tena nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwake. Anakusalimu sana, anasema goti si kitu, na anashukuru kwamba wiki ijayo sisi wawili tutakuwa pamoja tena, tulale kitanda kimoja tupige soga mpaka usingizi utushinde. Ameniagiza nikuletee shuka safi la kujifunika, kwa kuwa huko asubuhi kuna baridi.

Msalimie mjane, umwombe radhi kwa niaba yangu, hata kama hatajua ni ya nini. Na mhasibu, ukimkumbuka tena, umkumbuke kwa wema.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere