Mama wa Kapteni Kauzu

Kwako Baba Nuru, mume wangu uliyetangulia,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila nikirudi kutoka shuleni, "Mwalimu, umechoka?", nami najibu hapana huku navua viatu. Leo najibu ndiyo. Nimechoka na madaftari ya watoto wa watu, nimechoka na joto la Kiwalani, na nimechoka na wapenzi wako wa kibanda umiza, kile cha kutazamia filamu ulizokuwa ukizitafsiri kwa sauti yako, ambao tangu uondoke wamenifanya kadhi wa kesi ya mtu ambaye hata duniani hayupo. Na kuna jibu nililokunyima siku tuliyokuzika. Barua hii ni kwa ajili ya hilo jibu, ingawa itabidi nikupitishe kwanza kwa huyo mtu asiyekuwepo.

Namzungumzia Kapteni Kauzu. Waliotunga ile tamthilia ya angani walimpa jina lake refu la kizungu. Wewe ulimtazama kidogo tu, ukaona hacheki, halii, hapepesi jicho, ukasema, "Huyu ni kauzu," na tangu hapo kuanzia Kipawa mpaka Kinyerezi hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Chombo chake kilichobeba watu wa mwisho baada ya dunia kuungua ukakiita Meli, basi. Watu wakaanza kuizungumzia Meli kama vile ina ndugu zao ndani.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya kazi? Chumba cha nyuma, magodoro tumeyaegemeza ukutani kuzuia kelele, maiki umeivisha soksi ya Nuru. Mimi nakaa ubavuni kwako kwa sababu kizungu chako kilikuwa cha kubahatisha. Nikianza kukueleza alichosema Kauzu, unanikatisha: "Nipe maana tu, maneno niachie mie." Ndege ikipita kwenda kutua unasimamisha, tunakaa tunatazamana mpaka iishe, halafu unarudia mwanzo. Mlio wa ndege kwenye kazi yako hukuuvumilia hata siku moja. Na ukimya nao hukuuvumilia. Wazungu wanaweza kukuonyesha mtu anaangalia dirisha mpaka chai ipoe. Wewe ulisema mtu wa kibandani akikalishwa kimya hivyo anadhani spika zimeharibika, kwa hiyo kila palipokuwa kimya ulitia maneno yako. Mimi nacheka, nakwambia hayo hayamo. Unasema yangekuwemo kama wangekuuliza wewe.

Mama yangu alikuwa anatusikiliza kutoka kitandani kwake, mlango wazi. Alikuwa shabiki wako wa kwanza, na ninyi wakwe wawili mlitaniana kuliko inavyoruhusiwa. Siku moja akapaza sauti, "Mkwe wangu, hivi huyo Kauzu wako hana mama?" Ukamjibu, "Hana, mama. Angekuwa naye si angekuwa anacheka? Ngoja nitamtafutia mmoja." Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa na furaha siku zile na sikujua kama ile ndiyo furaha yenyewe.

Halafu ikaja ile mvua ya masika. Mimi niko shuleni, Nuru naye yuko kwake darasani, nyumbani mmebaki wewe na mama, ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa. Maji ya mtaro yakaingia kwa mlango wa uani. Ukabeba kompyuta ukaenda kuiweka kwenye baraza ya Maneno, mwenye kibanda umiza, ambayo imeinuka, ndipo ukarudi kumbeba mama. Ulipofika, maji yalikuwa yamepita godoro na mama ameketi ndani yake ameng'ang'ania neti. Ndivyo ilivyokuwa, siongezi wala sipunguzi. Mama mwenyewe alikutetea. "Nilimwita, akasema nakuja mama. Na si amekuja?" Lakini ile baridi ilimwingia kifuani ikageuka nimonia, na kabla masika hayajaisha tukamzika. Daktari alisema mapafu yake yalikuwa yamechoka tangu zamani, hakuna awezaye kusema kwa hakika. Mimi nilisema.

Nilikwambia maneno matatu tu, jikoni, kwa sauti ya chini. "Ulianza na kompyuta." Ukajibu, "Ndiyo." Hatukulirudia tena. Ungeweza kujitetea, maana kompyuta ile ndiyo iliyomnunulia mama dawa, neti na hilo godoro lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kukupinga, nimeyapanga maneno yote, lakini hukunipa nafasi. Mtu uliyekuwa na sauti ya mzee, ya mtoto, ya jambazi na ya roboti, nyumbani ukabaki na "nisogezee chumvi". Nami nikaisogeza.

Nikaacha kukusaidia kazi. Sizoni ya tatu uliitafsiri peke yako, umejifungia chumbani, nami sikuiangalia. Lakini utaishije Kiwalani usiisikie? Mawe ya angani yameipiga Meli, hewa inavuja, na Kauzu anafunga mlango wa nyuma huku mafundi wamo ndani, ili wengine wote wapone. Halafu anaegemea ule mlango na kusema maneno ambayo watoto waliyakariri wakawa wanayaigiza barabarani: "Mama, mlango nimeufunga kwa mkono wangu. Uliniita nikasema nakuja. Nilidhani muda upo. Nisamehe, mama." Kumbe mama yake alikuwemo mle! Hapo ndipo mtaa ulipogawanyika. Rehema, anayepikia wateja mbele ya kibanda cha Maneno, akatangaza kwamba Kauzu ni adui.

"Mwanaume gani anamfungia mama yake mlango? Hata awe kapteni wa nini!"

"Sista, asingefunga si wangekufa wote?" Chidi wa bodaboda akamjibu. "Yule ni steringi, si adui. Na kaomba radhi. Wewe uliona wapi wakubwa wanaombaga radhi?"

"Radhi haifufui maiti."

Nilikuwa napita na kapu langu. Niliwachukia wote wawili, na wewe nikakuchukia zaidi yao. Nilijiambia, hata mtu wa kwenye filamu anajua kuomba radhi, mume wangu hajui. Tena nikaona huna haya, kukisoma kisa cha mama aliyeachwa nyuma ya mlango wakati kaburi la mama yangu bado ni bichi. Ubishi wao ulidumu, na kila nilipousikia nilikuwa nakuhukumu upya.

Kisha presha ikakuchukua, ghafla, asubuhi, mswaki uko mdomoni. Kabla hujatolewa nyumbani waliniingiza nikuone, na shekhe akauliza kutoka nje ya pazia kama mke amemsamehe mumewe. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Shangazi yako akaitikia kwa ajili yangu, "Kamsamehe, kamsamehe," wanaume wakakubeba. Wote walidhani ni kilio kimenikaba. Haikuwa kilio. Nilikaa eda yangu, nikaimaliza, na mpaka juzi kila nikishamaliza kuswali nimekuombea kila kitu, nikifika kwenye msamaha ulimi unakwama. Hili ndilo lililonichosha, Baba Nuru. Madaftari nayasingizia tu.

Sasa sikia. Sizoni ya mwisho imetoka na ameitafsiri kijana mmoja wa Kinyerezi. Si mbaya, ana pumzi, ila anakimbiza maneno kama mnadi wa mitumba. Ndani yake Kauzu anapelekwa mahakamani, wanamuuliza kama kulikuwa na ndugu yake nyuma ya ule mlango. Anajibu hakuwepo hata mmoja, wala hajamwomba mtu radhi, wala hataomba. Kibanda kizima kikasimama. Kijana wa watu akatukanwa na yeye hayupo. "Kamfuta mama wa Kauzu!" Maneno ikabidi azime runinga.

Jumamosi mchana wakaja kwangu, Maneno mbele, Chidi nyuma yake, Rehema bado ana upawa mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Afadhali ungekuwa msiba," Maneno akasema. "Sie hatuna ugomvi na yule dogo. Ila tunataka haki. Kompyuta ya marehemu DJ ipo, na wewe kizungu unakijua. Tuangalizie kwenye lugha yenyewe, pale mlangoni Kauzu alimwambiaje mama yake."

"Mie nimemtetea miaka yote kwa ile radhi," Chidi akasema. "Kama hakuomba, nimeaibika."

Niliwaambia nitaangalia. Niliwaambia hivyo ili waondoke.

Jumapili asubuhi Nuru alikwenda Kipawa kwa shangazi yako. Nikafuta vumbi kwenye kompyuta, ile ile, nikatafuta sizoni ya tatu kama ilivyokuja kabla hujaigusa. Kauzu anafunga mlango. Anauegemea. Nikasubiri. Anaweka paji la uso kwenye chuma, anafumba macho, basi. Hasemi neno. Hakuna mama, na mle ndani wamo mafundi tu, tena mlango ule ni mnene hata wangeita wasingesikika. Ni ule ukimya wa wazungu ambao hukuwa ukiuvumilia, mrefu ajabu.

Nikafungua ya kwako. Kauzu ulizoea kumpa sauti nzito ya kifuani, sauti ya kutisha watoto. Pale mlangoni ukaiacha. Ukatumia ya kwako, ile ya "mwalimu, umechoka?" Mama, mlango nimeufunga kwa mkono wangu. Uliniita nikasema nakuja. Nilijua kabla hujamaliza. Baada ya "nisamehe, mama" ndege ikaanza kupita juu ya nyumba, na wewe uliyekuwa unasimamisha kazi hata kwa kindege kidogo hukusimamisha. Wapenzi wako wote wanadhani ule ni mngurumo wa Meli. Nikaongeza sauti, nikarudisha nyuma, nikaweka sikio kwenye spika. Chini ya ndege bado ulikuwa unaongea. Ulisema, kwa jina langu lenyewe, "Na mwambie Salma anisamehe. Mie nikimtazama nashindwa."

Nililia, Baba Nuru. Kisha nikakasirika, nikazima mashine nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mtaa mzima umeikariri radhi yako, watoto wameigiza, Chidi amegombana na watu kwa ajili yake, na mimi niliyestahili kuombwa nikaikosa. Kutoka chumba kile mpaka jikoni ni pazia tu. Ungelifunua! Ningekupigia kelele, ningelia, huenda ningelala kwa dada yangu siku mbili. Lakini ningerudi. Ulikuwa mwoga, na mwoga mwenzio alikuwa jikoni anasubiri uanze wewe.

Jioni nikaenda kibandani. Nikawaambia Kauzu hakusema kitu, na mama hayumo.

"Sasa yule mama katoka wapi?" Chidi akauliza.

"Yule ni mama yangu."

Wote wanamkumbuka mama, na wanaikumbuka mvua. Sikuhitaji kueleza zaidi, ila maneno ya chini ya ndege sikuwapa, hayo ni yangu. Maneno akavua kofia. Nilidhani Rehema atafurahi, maana kumbe Kauzu hakuomba radhi na yeye ndiye alisema toka mwanzo kwamba yule ni adui. Akaweka upawa ndani ya sufuria, akaniangalia.

"Mama Nuru, na wewe ulimpa msamaha?"

"Bado," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka mbele ya mtu.

"Basi mpe au usimpe, ni juu yako. Mie ningejua ni mama yako, nisingemgeuza ubishi wa kijiweni. Tusamehe na sie."

Nikawasamehe palepale, bila shida, na nikashangaa ilivyokuwa rahisi kwa watu walioniomba usoni. Njiani nilijiuliza, ningekuwa mimi nyumbani siku ile ningeanza na nini. Napenda kusema mama. Sikuwepo, kwa hiyo sijui, na nimechoka kujifanya ninajua.

Kwa hiyo pokea jibu lako, mume wangu, limechelewa lakini halikutolewa na shangazi. Nimekusamehe. Nimelisema leo kwa sauti, kwenye mswala, na ulimi haukukwama. Hasira ninazo bado, nitazimaliza mwenyewe polepole. Ila hili ni la upande wangu tu. La mama sina mamlaka nalo, na huko mliko mko pamoja. Nenda kamwombe. Atakutania kwanza, unamjua. Na safari hii usimtume Kauzu.

Mungu akulaze pema. Sasa naenda kulala na mimi.

Mkeo,
Mama Nuru