Begi la Neema na Faini ya Mtani

Jumamosi, jioni. Kidodi.

Leo wamechoma shamba la miwa upande wa mtoni, na tangu saa tisa majivu meusi yanadondoka uani. Nimeanua nguo kabla hazijachafuka. Joto halijaondoka. Nimekaa barazani na simu ya Neema, naandika taratibu kwa kidole kimoja. Ni yeye aliyenifungulia ukurasa huu baada ya msiba, akasema, "Baba, kama huwezi kusema, andika."

Basi naandika. Leo nilikwenda Mikumi kununua begi.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kuandika. Kwangu ilikuwa safari ya kwanza kufika Mikumi tangu Mama Neema afariki, wakati wa masika. Na begi lenyewe ni yeye aliyeanza kulinunua.

Nieleze. Neema ni binti yetu pekee. Jumatatu anakwenda Dodoma kuanza chuo cha uuguzi. Alipokuwa anakwenda sekondari ya bweni tulimnunulia begi linalong'aa, bei ya kutupa. Lilipasuka stendi, abiria wakitazama, nguo zake za ndani zikatawanyika kwenye vumbi. Neema hakulia. Aliinama akaokota moja moja, akafunga kwenye kanga ya mama yake, akapanda basi na furushi. Gari lilipoondoka mama yake aliniambia, "Huyu akifika chuo, ataingia getini na begi ambalo halitamwaibisha. Nitalitafuta mimi."

Tangu hapo akawa mwanafunzi wa mabegi.

Sisi tuliokua zamani hatukujua kuchagua. Duka lilikuwa na sanduku la bati, rangi moja, na ulishukuru ukilipata. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikaja, mizigo ya nje ikaja, maduka yakajaa mpaka barazani. Hakuna aliyetufundisha lipi ni begi na lipi ni picha ya begi. Tulilipia ujinga wetu kwanza, ndipo tukajifunza.

Mama Neema alikuwa analigeuza begi ndani nje ili aone mshono. Ngozi aliinusa, ya bandia alisema inanuka kama ndoo mpya. Zipu aliifungua na kuifunga mara nyingi huku anamsimulia muuzaji habari za mvua, ili asimharakishe. Na kubwa kuliko yote, alikuwa anakwenda dukani na pasi ya mkaa. Aliibeba toka nyumbani, anaitumbukiza ndani ya begi, anashika mkanda na kulitikisa, sikio likiwa kwenye mshono. Begi bovu hulalamika, alisema. Lina sauti kama ya kitambaa kinachochanwa mbali.

Watu wa kanisani walipolijua hilo wakaanza kumtuma. Mkoba wa mke wa mchungaji, pochi ya katekista, begi la mtoto wa jirani. Vyote alinunua duka moja pale Mikumi, kwa Maganga. Maganga ana kadi ya wateja: ukinunua anakugongea muhuri, kadi ikijaa unachagua begi lolote dukani kwa nusu bei. Mama Neema akanunua kwa fedha za wenzake, mihuri ikabaki yake. Waliomtuma walijua, na hakuna aliyeona vibaya, maana aliwachagulia vitu vya kudumu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na pochi. Hela zake alifunga kwenye pindo la kanga mpaka anaondoka duniani.

Kadi niliikuta ndani ya kopo lake la vifungo. Imebaki nafasi ya muhuri mmoja.

Fedha niliyokuwa nayo leo ilitosha begi imara kwa nusu bei, na kitu kidogo cha kugongewa muhuri wa mwisho. Bila kadi, Neema angeondoka na begi kama lile la stendi, au angeondoka na furushi.

Nikachukua pasi, nikapanda gari.

Maganga ni Mnyamwezi, sisi ni Wasagara, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani hana adabu na haruhusiwi kuwa nayo. Miaka yote alimwita Mama Neema "mke wangu" mbele yangu, na Mama Neema alimjibu kwamba anauza mabegi kwa sababu babu zake waliyabeba kichwani mpaka pwani, hawakulipwa, wakaamua kuyauza. Wateja wengine walisimama mlangoni kusikiliza tu.

Nilipoingia na pasi mkononi, alipiga kelele kabla sijasalimia.

"Mwizi! Hiyo ni pasi ya mke wangu! Mwenyewe umemficha wapi?"

Nikasema, "Yupo."

Sijui neno hilo lilitokea wapi.

"Mwambie nimenuna," akasema. "Tangu masika hajaja kunitukana. Au amepata Mnyamwezi mwingine mwenye duka la vioo?"

Nilitoa kadi. Akaitazama, akacheka, akanirudishia. "Masharti unayajua, mwenye kadi aje mwenyewe. Nikimgongea Msagara kadi ya mkewe, kesho ataiweka rehani kwa muuza pombe. Mlete mke wangu nimwone."

Nikasema nitarudi naye.

Nilisema hivyo hivyo. Nitarudi naye. Kisha nikatoka nje na pasi yangu, nikasimama juani kama mtu aliyesahau njia.

Kosa langu ni hili, na wa kwetu wataelewa. Msiba ukitokea, mtani lazima apelekewe habari. Yeye ndiye anayekuja kuvuruga kilio, anayeingia kaburini na kulala mpaka apewe chochote, anayeiga sauti ya marehemu mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Siku zile barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, watu wananiuliza habari za mbao na sanda, na Maganga hakunijia kichwani hata mara moja. Tukazika bila mtani hata mmoja. Na baada ya kukosea hivyo, leo ningeanzia wapi kumwambia?

Nikaona ni rahisi zaidi kununua kwingine. Karibu na stendi kuna dada mmoja ametandaza mabegi juu ya turubai. Mchangamfu, mzuri wa maneno.

"Shikamoo baba. Mzigo mpya huu, umeingia jana. Ukichukua begi sasa hivi, pochi ya ngozi nakupa bure."

Alikuwa ameshaniwekea hiyo pochi mkononi. Nikainusa. Ndoo mpya.

Mama Neema alikuwa na neno lake kuhusu hilo. Zawadi unayopewa kabla hujachagua, alisema, ni ya kukuziba macho. Ya Maganga aliiheshimu kwa sababu inakuja mwishoni, ukishanunua kwa akili zako mara nyingi.

Hata hivyo nilikuwa nimechoka na nilitaka kurudi nyumbani. Nikachagua begi jekundu, nikatia pasi ndani, nikalitikisa. Likalalamika waziwazi, kwenye mkanda.

"Jamani baba!" yule dada akasema. "Hili ni la kwendea chuo, si la kubebea chuma!"

"Mwanangu ana vitabu, mama."

"Basi vitabu ashike mkononi!"

Watu wakacheka, na mimi nikatabasamu, maana alisema vizuri. Lakini nilikuwa nimeshamwona Neema ameinama mbele ya geti la chuo, anaokota. Nikamrudishia begi lake na pochi yake, nikamshukuru.

Nikarudi kwa Maganga.

Alikuwa anapanga mikoba ukutani, amenipa mgongo. Nikasema, "Maganga, Mama Neema amefariki. Ni tangu masika."

"Unamtafutia sababu ya kutokuja," akasema bila kugeuka.

"Sitanii."

Kati ya watani neno hilo halitamkwi. Akageuka. Alinitazama uso, kisha pasi, kisha akakaa juu ya robota ambalo halijafunguliwa. Akavua kofia. Mteja aliyekuwa dukani aliweka chini mkoba aliokuwa ameshika, akatoka polepole.

Aliizungusha kofia mikononi.

"Nani alilala kaburini?" akauliza.

"Hakuna."

"Nani aliiga mwendo wake, watu wakacheka?"

"Hakuna aliyecheka, Maganga. Tulilia tu."

"Siku zote za matanga?"

"Mpaka leo."

Akasimama kwa hasira ya kweli, kidole amekinyoosha usoni kwangu. "Mmemzika mke wangu kama mtu asiye na watani! Kama mpita njia! Hamkuona aibu?" Akajifuta macho kwa kofia, akaivaa tena, upande. "Faini. Jogoo, tena mkubwa. Usiniletee kifaranga ukasema ni jogoo wa Kisagara. Kesho mkitoka kanisani nitakuwa uani kwako, na nitalifikia kaburi hilo hata kama limeota nyasi."

Nikasema sawa.

Hapo ndipo alipokumbuka kadi. Masharti yake mwenyewe yalikuwa yamebandikwa ukutani, na mwenye kadi hawezi kuja. Akajikuna kidevu.

"Kwenu vitu vya mwanamke huchukua nani?"

"Binti yake."

"Basi kadi ni ya Neema. Wewe umeibeba tu." Akatazama juu kama anayewasemesha watu wa darini. "Babu zangu, mmeona? Leo Msagara ndiye mpagazi!"

Nilicheka. Kidogo, lakini nilisikia mwenyewe.

Kwa muhuri wa mwisho ilibidi ninunue kitu. Nikatoa hela zangu, na Maganga alipoona nimezitia kwenye mfuko wa nailoni wa chumvi akasema hauzi chochote kwa mtu wa namna hiyo mpaka anunue pochi. Alinitolea tatu. Mbili zilikuwa zimegundishwa. Ya tatu imeshonwa, ngozi yenyewe, haina urembo, nyuzi zimeingia ndani. Nikaigeuza ndani nje kama nilivyomwona mwenzangu akifanya. Nikaichukua hiyo. Ni pochi yangu ya kwanza, katika umri huu.

Kisha tukachagua begi. Maganga alitaka nichukue la bluu, ndilo la bei kubwa. Nikatia pasi, nikatikisa, na sote wawili tukainamisha vichwa kusikiliza, wanaume wazima na begi katikati. Likanong'ona.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia," akasema kwa uchungu. "Mke wangu ameniachia balaa."

La kijivu lilinyamaza. Ni la turubai nzito, zipu ya chuma, chini limeshonwa mara mbili na kuwekewa ngozi. Nililitikisa mpaka mkono ukauma. Kimya.

Maganga akagonga muhuri. Kadi ikijaa anaichukua yeye, ndiyo kawaida ya duka. Nilijua hivyo tangu nyumbani, na njia nzima nilikuwa nahofia kwamba vidole vyangu vitagoma kuiachia. Kona moja ina alama ya mafuta ya mkono wa Mama Neema. Niliitazama alama ile, nikamkabidhi. Havikugoma. Kadi ile aliijaza kwa miguu yake, jua na mvua, ili mtoto apate begi. Ningeirudisha kwenye kopo la vifungo ingekuwa nimeikatiza njiani.

Nilipofika nyumbani, Neema hakusema asante kwanza. Alilifungua begi, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wote. Kisha akafungua zipu na kuifunga, akafungua na kuifunga, huku ananiuliza habari za Mikumi. Nilimjibu kama vile sijaona anachofanya.

"Ni zuri, Baba," akasema mwishowe. "Mama angelichukua."

Nikamweleza habari za Maganga na faini. Akaiacha zipu, nikahofia nimemuumiza.

"Atalala kaburini kweli?"

"Kaburi limeshafukiwa, mwanangu. Labda atalala juu yake."

"Na atamwiga Mama anavyotembea?"

"Ndiyo kazi yake."

Neema alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa nainuka nikamshike, nikasikia ni kicheko. Mama yake alikuwa anatembea kama mtu anayechelewa mahali, kiwiko kimoja nje, na kila mtu Kidodi anaujua mwendo huo. Hakuna aliyethubutu kuutaja hapa ndani tangu tulipozika. Neema alicheka akalia, akajifuta, akaenda kutafuta jogoo kabla giza halijaingia.

Sasa anapanga nguo zake kwenye begi. Nasikia zipu.

Nikiri jambo moja, kisha nipumzike. Naogopa kesho. Naogopa kumwona mwanaume mnene akipita uani kwangu kiwiko nje, watu wakicheka, na mimi sijui lingine ila kulia. Lakini naogopa zaidi Neema kuondoka Jumatatu akiiacha nyumba iliyonyamaza namna hii.

Maganga ataiga. Sitamzuia, wala sitaingia ndani. Nitakaa barazani hapa hapa, nitazame mpaka mwisho.