Mahali Yangu

Mama mdogo Pudentienne,

Shikamoo. Huku Biryogo sisi wazima, mvua imeanza, na wateja wa kushonewa nguo za Idi hawaniachi nipumue. Yule ng'ombe uliyetaka kumuuza ili mrudishe mahari, mwache zizini. Hakuna anayeidai.

Unakumbuka Melchior alipohamia kwa kaka yake kule Rwezamenyo, akanitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: "Nirudishie mahari yangu." Ndipo nikafungua kesi ya talaka. Jana hakimu, mama mmoja mpole, alitaka kwanza atupatanishe. Akamuuliza Melchior kwa Kinyarwanda anadai mahari ya ng'ombe wangapi.

Melchior akashangaa. "Ng'ombe gani? Mimi nilisema umwanya."

Umwanya, mama, yaani mahali. Unamjua mume wangu, amekulia Bujumbura, R na L kwake ni moja, na kila kitu ni "yangu". Alikuwa anaomba mahali pake. Baada ya ile mimba kuharibika sikuweza kulala karibu na mtu, nikajaza vitambaa upande wake wa kitanda. Naye akaondoka.

Hakimu aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Mimi nililia. Akaahirisha kesi, akatuambia twende nyumbani tukaongee, tena kwa Kinyarwanda.

Vitambaa vimehamia juu ya kabati. Melchior amesimama nyuma yangu hapa, anasema mrare sarama. Safari hii nimemwelewa.

Mwanao,
Mugeni