Jinsi Ulivyovuliwa Ulezi wa Ravneet

Nyuma ya Soko la Nafaka,
Jagraon, Punjab.
11 Oktoba.

Mpendwa shemeji Ajaib,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ukiacha magoti yangu na hasira za kaka yako Hardial, na vyote viwili viko vile vile ulivyoviacha. Wewe je, u mzima? Baridi imeanza huko Kanada? Mgongo unavumilia lori? Zamani nilikuwa nauliza haya kwa desturi tu, lakini safari hii nataka majibu, uyaandike.

Kaka yako alitaka akueleze habari za kesi kwa simu, nikamkataza. Yeye akisimulia jambo, utadhani tumeshinda. Tumeshindwa, shemeji. Wewe si mlezi wa Ravneet tena, jaji amekuvua.

Nianze mwanzo, maana siku ile nilikuomba mbio mbio na wewe hukuuliza kitu. Unajua binti yangu ni daktari, na moyo wake wote uko kwenye kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Kwa alama zake asingepata. Lakini vyuo vya udaktari vina viti vichache vilivyotengwa kwa watoto wa wenzetu walioko nje, na mwaka huu serikali ya jimbo ikasema hata ami au mjomba aliye nje anatosha, mradi aape kuwa yeye ndiye mlezi wa mwanafunzi na ndiye atakayemlipia ada. Tangazo lilipotoka mji mzima ukaanza kutafuta ndugu. Watu waliokuwa hawasalimiani wakawa wanaombana namba za simu za Kanada. Jirani yetu muuza mbolea aliibuka na mjomba wa Italia ambaye hata mama yake mzazi hamjui.

Mimi nilikupigia kabla chai haijachemka. Dada yako Sukhwant, ambaye naye ana Navtej wake anayetaka kiti hicho hicho, alikupigia mchana. Ulipomwambia umeshaniahidi mimi, na kiapo ni cha mtoto mmoja tu, akanigeukia. Maneno aliyonimwagia wifi yangu siwezi kuyaandika hapa, dogo kuliko yote lilikuwa "mwizi wa ndugu za watu". Nikamjibu, "Wifi, ungeamka mapema."

Basi akaenda mahakamani Chandigarh na mwanawe. Wakadai kwamba Navtej ana alama nyingi kuliko Ravneet, na kwamba wewe hujawahi kumlea mtu yeyote wa nyumba hii. Wakili wetu hakushtuka. Alituambia undugu wa Kipunjabi hauna mwisho, nani atapima?

Sukhwant alipima. Alileta kanda ya harusi yake.

Wakili wao alifungua kompyuta mbele ya jaji, na sote tukakuona, kijana, masharubu meusi, umesimama mlangoni na wanaume wa kwetu kuwapokea ami za bwana harusi. Unakumbuka mwenyewe. Yule ami yao mpiga mieleka, alipokwisha kukuvisha shada, badala ya mkumbatiane yakaisha, akakunyanyua juu kama gunia la ngano na kukuzungusha. Watu wote wakacheka, na kicheko cha kaka yako ndicho kinachosikika kuliko vyote. Uliposhushwa ulilivua shada, ukaitazama kamera, ukasema, "Mnacheka? Haya. Kuanzia leo msinihesabu ndugu yenu."

Wakili akaisimamisha picha hapo hapo, kidole chako kiko juu. "Mheshimiwa, mlezi mwenyewe ndiye huyo." Hata askari wa mlangoni alicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakili wetu akajikakamua kwamba hasira za harusini hazina nguvu ya kisheria. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akamwita Ravneet asogee.

"Binti, huyu ndiye anayekulea?"

"Ndivyo hati ya kiapo inavyosema, Mheshimiwa."

"Hati nimeisoma. Nakuuliza wewe. Ana watoto wangapi?"

Shemeji, mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nikatoa vidole viwili kwenye upindo wa mtandio. Mama gani asingefanya hivyo? Kiti cha mwanangu kilikuwa kinaning'inia pale. Ravneet akanitazama mimi, akaitazama picha yako. Nikadhani hakuviona. Nikavitikisa.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Mama ananionyesha viwili, lakini nadhani naye anabahatisha."

Walicheka mpaka jaji akavua miwani akajifuta macho. Kisha akaivaa, na uso wake ukabadilika. Akasema ulezi wa namna hii ni kuwapora watoto waliokesha wakisoma. Akafuta mpango mzima wa ami na wajomba na kuamuru viti virudi kwa wenye alama. Sukhwant alikuwa ameshaanza kupiga makofi ndipo Navtej akamshika mkono, kwa maana kwa alama hata yeye alikuwa na mamia mbele yake. Kiti kile kimekwenda kwa msichana mmoja wa Mansa, humu humu jimboni, ambaye ukoo wake wote uko Mansa.

Mimi na wifi tulirudi kwa basi moja. Tulipofika Ludhiana, akafungua chapati na achari ya embe akanisogezea. Nilikula, nilikuwa na njaa.

Ravneet nilimnunia. Nikamwambia amejichimbia shimo mwenyewe kwa mdomo wake. Akaniambia, "Mama, niliona aibu. Mtu amekubali kunisomesha bila kuuliza hata swali moja, na sisi hatujui hata ana watoto wangapi." Kisha akalia, na usidhani alilia kidogo. Kile kiti alikitaka kweli. Sasa ameajiriwa kwenye hospitali ndogo ya Raikot, na akirudi anafungua vitabu, atafanya mtihani tena mwakani. Sina tena uso wa kumnunia.

Hardial anakusalimu. Sukhwant anakusalimu, ingawa bado anasema ungemngoja. Navtej pia, na Ravneet kuliko wote.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuandika unisalimie fulani na fulani, na kalamu imesimama. Mkeo ni Gurmeet, nadhani. Watoto siwajui majina, shemeji. Nimeona haya, nikataka niandike "na wote nyumbani" nifunge bahasha, lakini Ravneet yuko begani kwangu anasoma, amekataa. Anasema tuache mistari, uijaze kwa mkono wako, uturudishie karatasi hii hii.

Nisalimie:
……………………
……………………
……………………
……………………

Mimi nilichora miwili. Mingine ameongeza yeye.

Waheguru akulinde barabarani, akurudishe mzima kila safari kwa hao tusiowajua.

Wako akupendaye, ijapokuwa nimechelewa,

Shemeji yako,
Charanjit